Ua Linalosubiri Giza

Saa ya Kiswahili ilitungwa na watu wanaoliamini jua. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili asubuhi, kisha unahesabu saa moja, saa mbili, mpaka lizame, na hapo ni saa kumi na mbili tena. Ukiwa Mombasa, Iringa au Bukavu, hesabu hiyo haikusumbui mwaka mzima, maana karibu na Ikweta mchana na usiku hugawana siku karibu nusu kwa nusu.

Ilete Birmingham uone. Mwezi Juni jua letu huchomoza saa kumi na moja kasorobo alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku. Yaani ni "usiku" na watoto bado wanapiga mpira Cannon Hill Park bila taa. Desemba mambo yanageuka: jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi, na saa kumi alasiri haijafika limeshazama. Mchana wa karibu saa 17 umekuwa mchana wa saa 7 na dakika 40 hivi. Hakuna methali ya bibi yoyote iliyotuandaa kwa hilo.

Mimi nimezaliwa hapa, kwa hiyo nimelizoea. Mama yangu amezaliwa Mufindi, nyanda za juu za Iringa. Watu hapa wakisikia Tanzania wanafikiria joto, ufukwe na minazi, na mama anawacheka. Mufindi mwezi wa Julai kuna asubuhi unaamka majani ni meupe kwa jalidi, ile barafu nyembamba tunayoikwangua kwenye vioo vya magari huku. "Baridi naijua toka sijaota meno," huwa anasema. "Giza la saa kumi ndilo silijui."

Kwenye kipindi cha wiki hii tumezungumza kuhusu wazazi wetu na Novemba: wale ambao saa zikirudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nao wanarudi nyuma. Hawatoki nje, hawapiki vile walivyokuwa wakipika, na simu wanapokea kwa kuguna tu. Wengi mmetuandikia mkisema mnawaona kwenu. Katika mazungumzo yale niligusia maua ya mama na nikaahidi kuyaelezea vizuri kwa maandishi. Ahadi ni deni, basi haya hapa.

Krisanthemu anahesabu usiku

Ua lenyewe ni krisanthemu. Jina limetoka kwenye Kigiriki, maana yake ua la dhahabu, na Mswidi Linnaeus ndiye aliyeliandika rasmi kwenye sayansi mwaka 1753. Lakini Wachina walikuwa wakilipanda bustanini zaidi ya miaka elfu moja kabla ya hapo, na Wajapani wamelifanya alama ya ufalme wao. Huku Uingereza lilishika sana katika karne ya 19, na mpaka leo kuna wazee wa viwandani hapa Midlands wanaoshindana nani ana ua kubwa kuliko kichwa cha mtoto.

Hayo ya mashindano tuyaache. Ninayoyasemea mimi ni krisanthemu ya bustani, yale magumu yanayobaki ardhini majira yote ya baridi, yanakufa juu, halafu yanachipua tena Machi. Waridi likishachoka na majani ya miti yakiwa yameanza kuziba mifereji, krisanthemu ndiyo kwanza yanafungua: Oktoba na Novemba, mengine mpaka Desemba kama jalidi kali haijaja.

Kwa nini yachelewe hivyo? Kwa sababu krisanthemu anahesabu urefu wa usiku. Kiangazi chote anaotesha majani tu. Kuelekea mwisho wa Agosti, mchana wa Birmingham unashuka chini ya saa 14, na usiku unazidi saa 10. Mmea unahisi mabadiliko hayo kwenye majani na kupeleka habari kwenye ncha: acheni majani, tengenezeni matumba. Kuanzia hapo, kutegemea na aina, inachukua wiki 7, 10 au zaidi mpaka ua lifunguke. Jambo hili wanasayansi wawili wa Marekani, Garner na Allard, ndio walioliweka wazi mwaka 1920, wakichunguza tumbaku na soya.

Sasa jiulize: ukilipanda ua hili karibu na Ikweta, ambako kila usiku una saa 12, litafanya nini? Litachanua tu, mwaka mzima, likiwa bado dogo. Hilo ni tatizo kwa watu wanaotaka majani na si maua. Uganda, Kenya na Tanzania kuna mashamba makubwa yanayokuza krisanthemu ili kukata ncha changa za kupandikiza na kuzisafirisha kwa ndege kwenda Ulaya. Ili mimea mama isichanue, wanawasha taa usiku. Mmea unadhani mchana ni mrefu, unaendelea kutoa majani, na ncha zinakatwa. Kwa hiyo krisanthemu yale ya kwenye kisufuria unayoyaona supamaketi, huenda yalianza maisha kando ya Ziwa Victoria, yakidanganywa kwa taa, kabla ya kuja kuota mizizi Ulaya. Binamu zako, kwa namna fulani.

Pareto ya pinki

Hadithi ya kwetu ilianza kwa jirani. Baba alifariki mwezi wa Januari, miaka mitatu iliyopita. Mama anaishi Erdington, nyumba ileile tuliyokulia, na jirani yake ni mzee Mwingereza aliyefanya kazi Fort Dunlop kwenye matairi. Anamwita mama "bab", kama wazee wa Birmingham wanavyoita kila mtu, na mama miaka ya kwanza alidhani anaitwa "baba", akawa anashangaa kimya kimya. Aprili ile, mzee akapitisha juu ya uzio ndoo yenye shina la mmea na udongo wake. Hakusema pole. Alisema tu, "Panda hiki, bab. Kitachanua wakati hakuna kingine."

Mama akasugua jani moja kati ya vidole, akanusa, akakaa kimya. Halafu akasema, "Hii ni pareto."

Si pareto, lakini hakukosea sana. Pareto ni lile ua jeupe lenye moyo wa njano linalolimwa Mufindi na nyanda nyingine za juu za kusini mwa Tanzania, na kule Kenya upande wa Nakuru na Nyandarua. Linachumwa kwa mkono, linakaushwa, linasagwa, na dawa yake inaua wadudu. Dawa nyingi za mbu zilianzia hapo. Mafinga kuna kiwanda chake. Kwa miaka mingi Kenya ndiyo iliyoongoza dunia kwa zao hili. Na wataalamu wa mimea zamani waliliweka pareto ndani ya ukoo uleule wa krisanthemu kabla ya kulihamishia kwa jina jingine. Harufu ya jani, ile kali inayokaa kati ya dawa na majani ya chai, ni ya kindugu.

Mama alichuma pareto akiwa mtoto, baada ya shule, kwa kikapu. Sisi watoto wake hatukuwahi kujua. Miaka yote hiyo tumemsikia akisimulia Mufindi ya chai, Mufindi ya misonobari, Mufindi ya ukungu, lakini pareto ilihitaji jani la jirani ili itoke. Siku ile alinisimulia jinsi walivyokuwa wakipimiwa maua makavu kwenye mizani, na jinsi bibi alivyoficha hela ya pareto kwenye debe la unga ili babu asiione. Mmea wenyewe akaubatiza "pareto ya pinki". Jina lake halisi hakuna anayelijua. Mzee alilirithi kwa mama yake pamoja na nyumba.

Kuna tofauti moja kati ya ndugu hawa wawili ambayo naipenda sana. Pareto hahesabu usiku kama krisanthemu. Anachohitaji ili achanue vizuri ni baridi, ndiyo maana utamkuta milimani na si Dar es Salaam. Mmoja anasubiri baridi, mwingine anasubiri giza. Mama ni pareto. Amekuja kuishi kwenye nchi ya krisanthemu.

Taa haizimwi

Mama aliupanda mmea uani, chini ya dirisha la jikoni, ili auone akiosha vyombo. Juu ya dirisha lile kuna taa ya nje. Tangu baba afariki, taa ile inawaka usiku kucha. Si ile ya kuhisi mtu akipita. Inawaka tu, kuanzia giza linapoingia mpaka asubuhi. Hatukuwahi kuijadili. Kila mmoja wetu alijua ni ya nini.

Oktoba ikaja. Upande wa mzee, shina la ndugu yake lilikuwa limejaa pinki mpaka linaegemea uzio. Upande wetu, majani. Kijani, yenye afya, urefu wa kiuno, na matumba madogo magumu kama punje za mtama. Mama alitaka yachanue kabla ya tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, apeleke maua ya nyumbani kwake kwenye kaburi la baba. Tarehe ikafika, akanunua ya dukani. Matumba yale yalikuja kufunguka Desemba, machache, na jalidi ikayakuta usiku wa pili.

Nilimweleza mambo ya usiku na mchana, pamoja na hadithi ya taa za Uganda. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo tatizo ni taa."

"Huenda, mama. Mwanga wa karibu usiku kucha unaweza kuyachelewesha."

"Basi taa haizimwi," akasema. "Ua litahama."

Aprili iliyofuata tulilichimbua. Mama akaligawa vipande vitatu kwa kisu cha jikoni, kama anakata keki, na kuvipanda mwisho kabisa wa uwanja, nyuma ya kibanda cha bustani, ambako mwanga wa taa haufiki na jua la mchana linafika. Kutoka mlango wa jikoni ni hatua 22, amezihesabu. Dirishani huoni kitu. Ukitaka kujua kama pareto ya pinki imechanua, lazima uvae koti, uvae mabuti, utoke.

Na ndivyo alivyofanya. Septemba alikuwa akienda kila asubuhi kukagua matumba, na kila siku ananipigia kutoa ripoti. Wiki ya tatu ya Oktoba akanitumia picha, imetikisika, kidole chake kimeziba nusu, na nusu nyingine ni pinki tupu. Tarehe 2 Novemba tulikata mashina 9, tukayafunga kwa uzi wa sufi, tukapanda basi kwenda Witton Cemetery. Njiani mama mmoja wa Kipolandi alitutazama, akatazama maua, akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kwao Poland, siku hizi za mwanzo wa Novemba makaburi yote yanafunikwa krisanthemu. Kumbuka hilo kabla hujampelekea rafiki yako wa Kipolandi, Mfaransa au Mwitaliano shada la krisanthemu siku yake ya kuzaliwa.

Sitakudanganya kwamba ua limemponya mama. Taa ya uani inawaka mpaka leo. Lakini Novemba mbili mfululizo amekuwa akitoka nje kila siku wakati bado kuna mwanga, kwa sababu ana kitu cha kukitazama kinachokwenda vizuri wakati ule ule ambao mengine yote yanakwisha.

Mimi ni mfamasia, kwa hiyo naongeza neno moja la kazini. Ushauri wa serikali hapa Uingereza ni kwamba kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku katika vuli na majira ya baridi; wenye ngozi nyeusi kama sisi, na watu wasiotoka nje sana, wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Ni kidonge kidogo na si ghali. Na kama mzazi wako halali, hali chakula, au ameacha kuongea, hilo ni la kumwona daktari, si la kupanda maua.

Mwaka wa krisanthemu, mwezi kwa mwezi

Wengi mmesema hamna "mkono wa kijani". Krisanthemu hadai mkono. Anadai jua, udongo usiotuama maji, na subira.

*Aprili na Mei.* Huu ndio wakati wa kupanda. Ukipanda vuli, mizizi haipati muda wa kushika kabla ya baridi, na hapo ndipo wengi huyapoteza. Chagua mahali penye jua angalau nusu siku, mbali na taa ya mtaani au ya usalama. Sehemu nyingi za mji wetu udongo ni mfinyanzi mzito, unaonata kwenye viatu kama ugali uliozidi maji. Changanya mboji nyingi na changarawe ndogo, maana kinachoua krisanthemu majira ya baridi mara nyingi ni mizizi kukaa kwenye maji kuliko baridi yenyewe. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mmea na mmea. Linda machipukizi na konokono, hasa wale wasio na nyumba mgongoni. Wanayapenda kama sisi tunavyopenda mandazi.

*Mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni.* Kata ncha. Kila shina likifika kama sentimita 20, binya sehemu ya juu kwa vidole. Inauma roho, lakini shina moja litatoa matawi matatu au manne, na mmea utakuwa mfupi, mnene na wenye maua mengi zaidi. Baada ya Juni acha, usije ukakata maua ya Oktoba.

*Julai na Agosti.* Mwagilia kukiwa kukavu. Aina ndefu, ziwekee vijiti mapema kabla upepo haujazilaza. Angalia chini ya majani: ukiona vipele vyeupe-vyeupe, hiyo ni kutu nyeupe, ugonjwa wa ukungu. Ng'oa majani hayo na uyatupe kwenye takataka, si kwenye mboji.

*Septemba.* Matumba yanaonekana. Usifanye kitu. Zoea kutofanya kitu.

*Oktoba na Novemba.* Furahia. Kata na uweke ndani. Kwenye chombo chenye maji safi yanakaa hata wiki mbili. Yale yenye petali za mstari mmoja, yanayoonyesha moyo wa njano, yaache mengine bustanini, kwa sababu nyuki wakubwa wenye manyoya na nzi wa maua bado wanatafuta chakula na hakuna duka jingine lililo wazi. Vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi kuwasha, na usiache paka au mbwa ale majani.

*Desemba hadi Machi.* Usikate mashina makavu. Yanafunika shingo ya mmea dhidi ya baridi. Weka matandazo ya mboji kuzunguka, na subiri. Machi kata ya zamani. Machipukizi yatakuwa yameshatokeza chini. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, chimbua, gawa, tupa sehemu ya katikati iliyochoka, panda ya pembeni. Au chukua machipukizi ya sentimita 5 hadi 7 yanayotoka chini kabisa, uyachomeke kwenye kisufuria cha mchanga na mboji, na utakuwa na mimea ya kugawa ukoo mzima.

Ununue yapi?

Usinunue yale ya kisufuria ya supamaketi ukitegemea yadumu bustanini. Mengi yamekuzwa kwa ajili ya dirishani, yapendeze wiki kadhaa basi. Tafuta lebo inayosema "hardy", na jina la aina. Haya yanapatikana kwa wauza mimea na yamejaribiwa na watu wengi:

'Clara Curtis' ni ya pinki, inawahi, unaweza kuiona tangu Agosti au Septemba. 'Mary Stoker' ni njano laini inayoingia pinki inapozeeka. 'Ruby Mound' ni nyekundu iliyokolea kama divai. 'Paul Boissier' ni ya rangi ya shaba, kama kanga ya zamani iliyofuliwa mara nyingi. 'Mei-kyo' ina vifundo vidogo vya pinki. Na 'Emperor of China', ya zamani sana, ni pinki yenye kung'aa fedha. Inaendelea Novemba, na majani yake nayo hugeuka mekundu baridi ikiingia. Ukichukua moja ya mapema, moja ya katikati na moja ya mwisho, una rangi tangu Septemba mpaka karibu na Krismasi.

Kabla ya kununua, nenda ukayaone. Panda treni Moor Street, nusu saa hivi uko Warwick, na hapo kuna Hill Close Gardens, bustani za enzi za Victoria walizokuwa nazo wenye maduka waliokosa uwanja nyumbani. Wanatunza mkusanyiko wa taifa wa krisanthemu hizi za bustani. Nenda mwisho wa Oktoba, piga picha lebo, andika majina. Mchukue mzazi. Mwambie ni kutembea tu.

Na kama unaishi fleti, usikate tamaa. Chungu cha upana wa sentimita 30 chenye matundu chini kinatosha kwa aina fupi kwenye baraza linalopata jua. Ukitaka ardhi, Birmingham ina zaidi ya maeneo 100 ya viploti vya kukodi, mengi yakiwa ya halmashauri. Foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo andikisha jina leo. Watu wa mji huu wamekuwa wakikodi vipande vya bustani kwa karne mbili na zaidi. Karibu na Botanical Gardens pale Edgbaston bado vipo vile vilivyoitwa Guinea Gardens, kwa sababu kodi ilikuwa gini moja kwa mwaka. Wafanyakazi wa viwanda na maduka walitoka kwenye moshi wakaenda kushika udongo. Si jambo geni tunalolifanya.

Kazi ya mwezi huu

Kwa sasa huna cha kupanda. Ni Novemba, na udongo umeshapoa. Lakini kuna mawili unayoweza kufanya.

La kwanza, tazama uzio wa jirani. Kama kuna krisanthemu inachanua pale, gonga mlango, sifia, na uombe kipande cha Aprili. Wenye krisanthemu wanapenda kuombwa. Mmea wenyewe unataka kugawanywa.

La pili, muulize mzazi wako nyumbani walilima nini cha kuuza. Usiulize chakula, uliza cha kuuza: pareto, kahawa, karafuu, pamba, korosho, chai, mkonge. Uliza nani alichuma, nani alipima, hela ilifichwa wapi. Rekodi majibu kwenye simu mututumie, na tutayatumia kwenye kipindi cha Desemba.

Mama anasema vipande vya pareto ya pinki vitakuwepo mwezi wa nne, vitano au sita hivi, kwa atakayewahi kwenye mkutano wetu wa wasikilizaji. Sharti lake ni moja: usikipande karibu na taa.